MAJANI YA SHAMBANI KATIKA CHAKULA CHA KUKU
Yapi yafaa, yapi yadhuru, na kwa nini kipimo ni lazima

Hakuna mfugo ulioenea nchini Kenya kupita kuku. Yumo katika miji ya wakulima wa bara na wa pwani, yumo nyuma ya nyumba za makarani na walimu, na hata mtu asiye na ekari moja ya ardhi huweza kufuga kuku watano na jogoo wao. Yeye ndiye kitoweo cha mgeni, ndiye akiba ya mama wa nyumbani, na aghalabu mayai yake ndiyo yanunuayo kalamu na madaftari ya watoto wa shule.

Lakini ufugaji wenyewe umebadilika. Kuku wa zamani alifunguliwa asubuhi akajitafutia mchwa, panzi, mbegu na majani mabichi. Hakuna aliyempimia chakula, naye alijua mwenyewe kimfaacho. Kuku wa leo, hasa yule wa mayai ya kuuza, hufungiwa bandani, wala hana chakula ila kile anachopewa. Hivyo mwenye kuku amejitwika kazi ambayo kuku aliifanya mwenyewe, na kazi hiyo ina gharama kubwa. Katika ufugaji wa biashara, kati ya kila shilingi 100 ambazo mfugaji hutumia, shilingi 60 hadi 70 huenda katika chakula. Gunia likipanda bei, faida yote yaweza kuliwa na kuku kabla mwenye kuku hajaiona.

Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wameyageukia majani ya shambani mwao. Huyu hutia unga wa mlonge katika chakula, yule hukata shubiri na kuiloweka katika maji ya kunywa, na mwingine hutwanga pilipili na kitunguu saumu. Kuna wanaocheka mambo hayo na kusema ni ujinga wa wazee. Kuna na wanaoapa kwamba majani hayo hutibu kila ugonjwa na kwamba gunia la dukani halina kazi tena. Maneno yote mawili yamepita kiasi. Ukweli ni kwamba majani yana nguvu, lakini kila jani lina kazi yake, mahali pake na kipimo chake.

KUKU ALIYEWAFUNDISHA MADAKTARI

Mtu anayedhani kwamba habari za majani na pumba ni jambo dogo yafaa akumbuke kwamba madaktari wenyewe walijifunza mengi kutoka kwa kuku.

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari mmoja Mholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta asili ya ugonjwa wa beriberi, ambao ulidhoofisha miguu ya watu na kuwaua wengi. Aliona kuku wa maabara yake wameshikwa na udhaifu wa miguu uliofanana na ule wa wagonjwa, kisha baada ya muda wakapona bila dawa. Alipochunguza aligundua kwamba siku za ugonjwa kuku wale walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari. Baadaye alikuja mpishi mpya ambaye alikataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari, nao wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana. Hapo wakapona. Dawa ilikuwa katika zile pumba ambazo watu walizitupa. Leo twaijua dawa hiyo kwa jina la vitamini B1, na Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Mwaka huo huo wa 1929, huko Denmark, mtaalamu aliyeitwa Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta yote. Vifaranga hao walivuja damu chini ya ngozi, na damu yao haikuganda upesi. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba majani mabichi yalikuwa na kitu cha kuzuia hali hiyo, naye mwaka 1935 akakiita vitamini K. Dam naye alipewa Tuzo ya Nobel, ya mwaka 1943. Leo watoto wachanga hudungwa sindano ya vitamini hiyo wasivuje damu. Basi aonaye fungu la majani mabichi limetundikwa katika banda la kuku asidhani ni pambo.

MAHINDI MEUPE NA KIINI CHEUPE

Jambo la kwanza ambalo majani humsaidia mfugaji wa Kenya latokana na mahindi yetu. Watu wa nchi hii hupenda mahindi meupe, na yale ya manjano wengi huyakumbuka kama chakula cha msaada wakati wa njaa. Kwa ugali hilo ni suala la mapenzi ya mtu, lakini kwa kuku ni suala la afya. Mahindi ya manjano yana rangi ambayo mwili wa kuku huweza kugeuza sehemu yake kuwa vitamini A. Mahindi meupe hayana rangi hiyo, au yanayo kidogo mno.

Kuku aliyefungiwa, anayekula mahindi meupe na pumba pasipo majani wala vitamini za dukani, hatimaye hupungukiwa. Macho yake hutoa maji, kope huvimba na kugandana, manyoya hukosa mng'aro, na mayai hupungua. Wafugaji wengi waonapo macho hayo hudhani ni mafua, wakakimbilia dawa. Dawa haiwezi kumpa kuku kile ambacho chakula hakina.

Kiini cha yai nacho hupauka. Mnunuzi wa mjini akivunja yai na kukuta kiini cheupe, husema kwamba yai hilo si la kuku wa kienyeji. Mfugaji akianza kutoa majani, kiini hurudia rangi ya manjano baada ya wiki mbili au tatu. Hata hivyo mfugaji asidanganyike kwa rangi peke yake. Zipo rangi katika mimea ambazo hupaka kiini lakini hazigeuki kuwa vitamini A. Rangi ni dalili njema tu, haitoshi kuonyesha kwamba kuku amekula vizuri.

MLONGE NA WENZAKE

Mlonge, ambao pwani wengine huuita mzunze, asili yake ni kaskazini ya Bara Hindi. Upo ndugu yake ambaye asili yake ni kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya yenyewe. Miti hii hupenda nchi ya joto na huvumilia ukame, kwa hiyo hustawi pwani, Ukambani, Baringo na mahali kama hapo. Majani yake yakikaushwa, kilo moja huwa na protini ya gramu 250 hivi au zaidi, hali kilo moja ya mahindi ina gramu 80 hadi 90 tu. Isitoshe, majani hayo yana chokaa na rangi nyingi ya kuleta vitamini A.

Wakulima wa nchi ya baridi, ambako mlonge haustawi, wasijione wamenyimwa. Mchicha, sukuma wiki na majani ya viazi vitamu ni chakula chema cha kuku, na hupatikana karibu kila shamba. Majani haya yafaa kupewa yakiwa mabichi, yakifungwa pamoja na kutundikwa kimo cha kichwa cha kuku. Yakitundikwa hivyo hayachafuki, tena kuku wapatapo kazi ya kudonoa majani hawadonoani sana wao kwa wao.

Katika kukausha majani, kuna kanuni mbili ambazo mfugaji asizichanganye. Mlonge hukaushwa kivulini, mahali penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu ile rangi inayoleta vitamini. Kisamvu, yaani majani ya muhogo, hukaushwa juani. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya jamii ya sianidi. Yapasa yakatwekatwe kwanza, yaachwe yanyauke, kisha yaanikwe juani siku mbili au tatu hadi yakauke kabisa, ili sumu ipate kutoka. Ayachumaye na kuwatupia kuku papo hapo kwa wingi asimlaumu jirani kwa kijicho.

Mlusina, mti ambao wakulima wengi huupanda kwa malisho ya mbuzi, nao una majani yenye protini nyingi, na hupaka kiini rangi nzuri sana. Lakini ndani yake mna kitu kiitwacho mimosini, ambacho kikizidi hudumaza kuku na kupunguza mayai. Mbuzi akila majani hayo ana tumbo la kucheua, lenye vijidudu vinavyomsaidia. Kuku hana tumbo hilo.

KIPIMO

Hapo ndipo wafugaji wengi hujikwaa. Mtu asikiapo kwamba jani lina protini kupita mahindi, hufikiri kwamba kuku akila majani matupu atanenepa zaidi. Sivyo. Majani yana nyuzinyuzi nyingi, na tumbo la kuku haliwezi kuzisaga zikawa chakula. Majani yakizidi hujaza gole lake mapema, naye akaacha kula mahindi na omena ambavyo ndivyo vimpavyo nguvu na nyama. Atakuwa ameshiba lakini ana njaa.

Kwa hiyo kipimo salama cha kuanzia, kwa mlonge na kwa majani mengine yaliyokaushwa vema, ni sehemu 5 katika kila sehemu 100 za chakula. Mlusina usizidi hapo kamwe. Mlonge waweza kuongezwa kidogo kidogo, lakini asiyepima mayai yake asivuke sehemu 10. Vifaranga wa wiki za kwanza wasitiliwe unga wa majani. Tumbo lao ni dogo, na kila punje iingiayo humo yapasa iwe na chakula kingi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 115 hivi kwa siku. Kuku 50 watakula kilo 5 na gramu 750. Sehemu 5 katika 100 za chakula hicho ni gramu 290 hivi za unga wa majani. Kwa mwezi wa siku 30 mfugaji huyo atahitaji unga kilo 9 kasoro kidogo. Majani mabichi yana maji mengi, na yahitajika kilo 4 au 5 za majani mabichi kupata kilo moja ya makavu. Basi yapasa achume kilo 40 hivi kila mwezi. Mwenye mti mmoja tu uani ajue mapema kwamba hautatosha kuku 50.

Tena yapasa kujua ni nani atakayefaidika zaidi. Mfugaji anunuaye chakula kamili cha dukani, kilichotiwa vitamini na madini, atapata faida ndogo kwa majani, kwani mengi yaliyomo katika jani yamo tayari katika gunia. Anayechanganya chakula chake mwenyewe kwa mahindi meupe, pumba, omena na mashudu, huyo jani litamfaa sana. Na yule ambaye kuku wake hujitafutia ataona faida wakati wa kiangazi, majani yote yakaukapo. Tena majani hayaondoi haja ya chokaa au makombe ya kusaga kwa kuku wa mayai, wala haja ya maji safi mchana kutwa.

KWA NINI DUNIA YAGEUKIA MIMEA

Habari hizi si za wakulima wadogo peke yao. Katika miaka ya 1948 hadi 1950, watafiti wa kampuni ya Lederle huko Marekani, wakiwemo Thomas Jukes na Robert Stokstad, waligundua kwamba vifaranga wakitiliwa kiasi kidogo cha dawa ya antibiotiki katika chakula, hukua upesi zaidi. Habari hiyo ilienea upesi, na kwa miaka mingi dawa hizo zilitiwa katika chakula cha kuku na nguruwe wasio wagonjwa, ili wakue tu.

Lakini vijidudu navyo hujifunza. Vikizoea kukutana na dawa kidogo kidogo kila siku, vile dhaifu hufa na vile sugu hubaki na kuzaana. Mwishowe dawa ile ile anapopewa mtu mgonjwa haimsaidii. Sweden ilikataza dawa za kukuzia wanyama mwaka 1986, na nchi za Umoja wa Ulaya zikamaliza kuzikataza tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wafugaji waache kuwapa wanyama wazima dawa hizo kwa ajili ya kukuza au kuzuia ugonjwa, na mwaka huo huo Kenya ilitoa mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu wa vijidudu.

Hapa kwetu bado kuna wafugaji wanaotia unga wa antibiotiki katika maji kila waonapo mayai yamepungua, pasipo kumwuliza Daktari wa Mifugo, kisha wakauza mayai siku ile ile bila kuzihesabu siku za kungoja zilizoandikwa katika karatasi ya dawa. Mayai hayo huliwa na watoto. Ndiyo sababu viwanda vya chakula cha kuku, hasa vya Ulaya, vimetafuta mimea ya kuchukua nafasi ya dawa hizo. Vinavyotumika sana ni mafuta ya mimea ya harufu iliyo jamaa moja na mrihani, pamoja na kitunguu saumu, manjano na pilipili.

Majaribio ya mimea hiyo yamekuwa na matokeo mchanganyiko. Pengine kuku hukua vizuri zaidi na vijidudu vya tumboni hupungua, na pengine haionekani tofauti yoyote. Sababu moja yajulikana. Mmea si kidonge cha kiwandani. Nguvu yake hutegemea udongo, mvua, umri wa jani na jinsi lilivyokaushwa. Kitunguu saumu, kwa mfano, kikiwa kizima hakina ile dawa yake kali. Hutokea tu kinapopondwa, na moto huizuia. Apikaye kitunguu kizima na kuwapa kuku amewapa mboga, hakuwapa dawa.

KIDERI HAKISIKII PILIPILI

Katika mimea yote, pilipili na shubiri ndizo zinazotumika zaidi vijijini, hasa msimu wa kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Kuhusu pilipili kuna jambo la ajabu. Kuku haisikii ukali wake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mishipa ya ndege haiitiki kitu kile cha pilipili kinachowasha ulimi wa binadamu na wanyama wengine. Ndiyo sababu ndege hula pilipili za porini na kuzitawanya mbegu zake. Basi mfugaji anayedhani kwamba kuku wake wamechangamka kwa sababu pilipili imewawasha, amekosea. Yapo majaribio yaliyoonyesha kwamba pilipili katika chakula huweza kupunguza baadhi ya vijidudu vya tumboni, lakini kideri si ugonjwa wa vijidudu vya namna hiyo. Ni ugonjwa wa virusi.

Kuhusu shubiri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro, Tanzania, walishirikiana na wenzao wa Kenya kuijaribu aina moja ya shubiri ya nchi zetu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Kuku waliotangulia kupewa maji ya shubiri kabla ya kuambukizwa kideri walikufa wachache kuliko wale ambao hawakupewa. Kwa hiyo wazee hawakuwa wakisema ovyo. Lakini hata kati ya hao waliopewa, vifo vilikuwa vingi mno kwa mtu anayetegemea kuku kwa riziki yake. Shubiri ilisaidia kidogo, na kidogo hicho hakitoshi.

Kideri kilitambuliwa mwaka 1926 huko Newcastle, Uingereza, na katika kisiwa cha Java, na hata leo hakina dawa ya kukiponya. Chanjo ndiyo kinga. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ambayo huvumilia joto kuliko nyingine, na hutiwa tone moja katika jicho la kuku. Hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Yapasa itiwe mapema, kwani kuku aliyekwisha kuambukizwa hafaidiki nayo. Na siku ya chanjo yoyote inayotiwa katika maji, maji yawe safi, yasitiwe shubiri, pilipili wala dawa ya kusafishia, ili chanjo isiharibike.

Mfugaji apendaye shubiri yake hakatazwi. Linalomwangamiza ni kuiweka mahali pa chanjo. Kundi la kuku 60 laweza kwisha katika juma moja, nalo ni karo ya muhula mzima.

MIMEA INAYODHURU

Si kila kitokacho shambani ni salama kwa sababu tu ni cha asili. Mtama mwekundu, ule ambao ndege wa shambani huuepuka, una tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi. Tanini hushikamana na protini isipate kumfaidi alaye. Na mfugaji asisahau kwamba kuku naye ni ndege. Majaribio yameonyesha kwamba kuuloweka mtama huo katika maji ya magadi hupunguza tanini. Asiyeweza kufanya hivyo na atumie mtama mweupe.

Mashudu ya pamba yana kitu kiitwacho gosipoli. Kuku wa mayai akipewa mengi, kiini cha yai hugeuka rangi ya kijani iliyofifia yakiwekwa, na wanunuzi huyatupa. Soya mbichi huzuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo yapasa ikaangwe au ipikwe kwanza. Majani, maganda na kokwa za parachichi zina sumu iwezayo kuua ndege. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani nayo yatupwe. Mwarobaini ni mchungu, na ukizidi kuku huacha kula.

Lililo baya kupita hayo yote ni ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana. Ilipochunguzwa, sumu ilikutwa katika mashudu ya karanga zilizoota ukungu, nayo ikaitwa aflatoksini. Kenya yaijua sumu hiyo kwa uchungu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye ukungu, na 125 kati yao walikufa. Hata hivyo, katika miji mingi bado yasikika neno hili: mahindi haya yameharibika, wapeni kuku. Mwenye kusema hivyo hakuitupa sumu. Ameidhuru mifugo yake, na sehemu ya sumu hiyo huweza kumrudia mezani katika maini na mayai. Majani nayo ni vivyo hivyo: yakianikwa vibaya yakaota ukungu, kuyatupa ni faida.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Karani ambaye mchana kutwa huandika hesabu za watu wengine, akirudi nyumbani haandiki idadi ya mayai yake, kisha husema mlonge umemfaa au haukumfaa kwa kukumbuka tu. Hayo si maarifa.

Njia ya kujua ni hii. Mfugaji atwae kuku 40 wa umri mmoja, awagawe mafungu mawili ya kuku 20, katika banda moja lililotengwa kwa waya. Wote wapewe chakula kile kile, ila fungu moja litiliwe unga wa majani sehemu 5 katika 100. Kila siku aandike uzito wa chakula na idadi ya mayai ya kila fungu, kwa muda wa wiki nne bila kukosa hata siku moja.

Tuseme kwamba fungu lisilo na majani limetaga mayai 392, na lenye majani mayai 386, na kwamba kila fungu limekula kilo 64. Fungu la pili limekula unga wa majani kilo 3 na zaidi kidogo, kwa hiyo chakula cha kununua kimepungua kwa kiasi hicho. Ikiwa kilo moja ya chakula ni shilingi 60, ameokoa shilingi 190 hivi. Mayai 6 yaliyopungua, kwa shilingi 15 kila moja, ni shilingi 90. Imebaki faida ya shilingi 100. Katika hizo atoe ujira wa kuchuma na kukausha. Pengine kazi hiyo hufanywa na mkewe au watoto, naye huona ni ya bure, lakini jasho la mtu si la bure.

Hesabu za namna hiyo, kila mmoja kwa bei za soko lake, ndizo zitakazomwonyesha mfugaji kama majani yamfaa au yampotezea wakati. Huenda akaona kwamba faida yake kubwa haiko katika shilingi za chakula, bali katika wanunuzi wanaorudi kwa sababu ya kiini cha manjano, au katika macho ya kuku wake yaliyopona. Hayo nayo na aandike.

Kwa wanaotaka kuanza, wakati mzuri ni mwisho wa mvua, majani yakiwa mengi na jua la kukaushia lipo. Wachume, wakaushe vema, wasage, na kutia unga katika chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pa giza, wautumie kabla ya miezi mitatu kupita. Na kabla ya hayo yote, wamwulize Bwana Mifugo wa kata yao tarehe ya chanjo ya kideri.